Kwenye Fomu Waliandika Kwamba Alirudi Kwao

Donatien Ntambwe alimwibia Mbelu Mushiya kazi ya miezi mitano, akaiandika kwa jina la mke wake. Tuanze hapo, maana ukianza na utoto wa mtu na umaskini wa nyumba yao, msomaji hufika katikati amekwisha kumhurumia hata mwizi. Hakuiba kuku wala nguo kwenye kamba. Aliiba nafasi ya mtu kwenye karatasi, na kwa kuwa mwenye nafasi hakujua kusoma, ilimchukua miaka kumi na mmoja kufahamu kwamba ameibiwa.

Mbelu anauza munkoyo katika soko la Manika, mjini Kolwezi. Munkoyo hutengenezwa kwa uji mwepesi wa mahindi na mizizi ya porini iliyopondwa. Ukishachanganya unauacha siku mbili, na ukiharakisha unauza maji ya unga. Yeye hupikia Kapata, kwenye mtaa wa nyumba za kampuni ya migodi nje ya mji, ambako amepanga chumba na ua mdogo. Asubuhi hupanda pikipiki na ndoo zake mbili, moja mbele ya dereva na nyingine mapajani mwake, na madereva wote wa njia hiyo wanajua kwamba Mama Mbelu akiwa nyuma hakuna kurukia mashimo. Ana miaka arobaini na tisa. Mumewe amefariki, watoto wake wawili wana maisha yao Likasi na Lubumbashi. Shule hakwenda. Alikuwa binti wa kwanza katika nyumba ya watoto tisa, na kila mama yake alipojifungua, yeye ndiye aliyebaki kumbeba mtoto mgongoni huku wadogo zake wakienda kujifunza herufi.

Mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na minane, watu ambao babu zao walitoka Kasai walifukuzwa Kolwezi. Watu wa nyumba yao walilala gare, yaani stesheni, wiki saba wakisubiri treni, wakatelemshwa Mwene-Ditu, wakatembea mpaka kijiji cha babu ambacho Mbelu alikuwa akikisikia tu kwa jina. Huko waliitwa watu wa Katanga. Watoto walimfuata njiani wakicheka namna alivyosema Kiluba cha huko. Alikaa miaka tisa, akaolewa, akazaa, na mwaka 2002 akarudi Kolwezi na mume na watoto wawili, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo alijua njia bila kuuliza.

Donatien alikuja mwaka 2012. Alikuwa mwanafunzi kutoka Lubumbashi, anatafuta shahada ya juu kwa kuandika juu ya hao waliofukuzwa na kurudi. Alizunguka Kapata siku nne na daftari lake, na kwa siku nne milango ilifungwa. Hakuelewa. Kila mtu wa Kapata angemweleza, kama angepata wa kumweleza: kabla ya kufukuzwa kulikuwa na vijana waliopita nyumba kwa nyumba na madaftari, wakiuliza baba wa nyumba ni wa wapi, na jibu lako ndilo lililoamua kama utaendelea kulala kitandani mwako. Tangu siku hizo mtu mwenye daftari mtaani humo si mgeni wa kumkaribisha.

Mbelu alimkuta ameketi kwenye jiwe, jasho linamtoka, akamwuzia kikombe na kumwuliza shida yake. Kisha akamfundisha kazi, kwa Kiswahili cha huku, ambacho husema "njo" badala ya "ndiyo" na mara nyingi "ba" badala ya "wa".

"Siku ya kwanza, daftari inabakia kwangu," alimwambia. "Tunaenda na chupa ya munkoyo, tunasalimia. Siku ya pili unakunywa na unanyamaza. Ya tatu njo unauliza."

"Siku tatu mu nyumba moja, mama?"

"Wewe ulimaliza siku ine mu nyumba sifuri."

Miezi mitano walitembea hivyo. Mbelu alijua kila nyumba iingiwe kwa jina la mtoto gani, mama yupi asiulizwe habari ya gare kabla hajala, mzee yupi husema kweli akiwa anashona viatu tu. Mwanamke akianza kulia, Mbelu aliinuka na kuosha vyombo vya mwanamke huyo mpaka alipotulia. Alitafsiri Kiluba. Alikumbuka majibu ambayo Donatien alichelewa kuyaandika. Milango thelathini na mmoja ilifunguka, na Donatien alijaza madaftari sita. Alimwapia kwamba ombi lake la ufadhili, la bourse kama wanavyosema huku, lina mstari wa msaidizi wa utafiti, na kwenye mstari huo ataandika Mbelu Mushiya.

Mwisho wa mwezi wa tano alikuja amevaa uso wa msiba. "Mama, banakatala. Benye bourse banakatala."

Mbelu alimpa pole. Alimpa na chupa kubwa ya njiani, bure. Hiyo chupa mpaka leo inamuuma kuliko mengine.

Basi mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja sokoni binti mmoja mwembamba, miwani puani, kitabu kikubwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Jambo mama. Njo mama Mbelu wa munkoyo?"

"Njo mi. Unataka kikombe ao chupa?"

"Nataka kuuliza kintu."

"Kuuliza ni bule. Kunywa njo kunalipiwa."

Godelieve, anayeuza sombe meza ya pili, aliacha kisu na majani yake ya muhogo. "Mbelu! Sasa banakuletea mpaka bitabu? Kesho tutasikia unafundisha université."

Binti alisema jina lake ni Falonne Kabemba, anamaliza masomo ya chuo hapo mjini na anataka kuendelea na ya juu. Amesoma tasnifu ya profesa Donatien Ntambwe, na mle ndani kuna mama mmoja, muuza munkoyo, ambaye anatajwa ukurasa baada ya ukurasa. Ameuliza soko zima mpaka akafika hapa.

"Profesa?" Mbelu aliuliza. "Kumbe alimalizaka?"

"Alimaliza zamani, mama. Bourse njo ilimulipia."

Mbelu aliweka kikombe chini. Akamwambia asome mahali palipoandikwa hayo. Falonne alifungua ukurasa wa sita, wa shukrani, akawa anageuza Kifaransa kuwa Kiswahili polepole. Alisoma jina la shirika lililotoa bourse. Halafu akasoma: "Namushukuru sana Mignonne, musaidizi wangu wa utafiti, mwenye alinifungulia milango makumi tatu na moja ya Kapata."

"Mignonne gani?"

"Muke yake, mama."

"Ule mwanamuke hakukanyagaka Kapata. Hata matope ya Kapata haimujue."

"Soma tena," alisema Godelieve, ambaye hakuulizwa.

Falonne alisoma tena. Mbelu alisikiliza mpaka mwisho, akamhudumia mteja aliyekuwa akisubiri, akamrudishia chenji sawasawa. Hakulia. Aliuliza tu: "Na wewe? Wewe unatafuta nini?"

Falonne alikuwa anatafuta bourse vilevile. Alikuwa na orodha kwenye simu, akaieleza kwa uaminifu wa mtu aliyekwisha kuchoka. Kuna mashirika mengi yanayosaidia wanafunzi wanaotafiti uhamaji, alisema, lakini kila moja lina mlango wake mwembamba. Moja linasaidia tu habari za waliovuka mpaka wa nchi, na hawa wa Kapata hawakuvuka mpaka wowote. La pili linawataka waliokimbia mafuriko na ukame. La tatu linalipia wanafunzi walioko Ulaya tayari. La nne halilipii kutembea na kuhoji, linalipia kuandika tu, sasa utaandika nini? Limebaki moja dogo, linalowafadhili wanaotafiti watu waliohamishwa ndani ya nchi yao wenyewe. Linalipia safari, vinasa sauti, na msaidizi mmoja.

"Unakaa wapi?" Mbelu aliuliza.

"Kapata. Mutoto wa tata Barnabé."

Mbelu alimtazama upya. Nyumba ya Barnabé Kabemba aliijua. Alizaliwa mle. Baba yake Mbelu alikaa kwenye nyumba hiyo miaka ishirini na miwili akiwa mchimbaji, na baada ya watu wa Kasai kuondoka, ofisi ya kampuni ilimpa Barnabé ufunguo. Tangu arudi, Mbelu hupita njia ya mbele yake kila siku na ndoo zake. Hakumwambia binti hilo. Alimjazia kikombe.

"Kunywa. Kesho uache ile kitabu ku nyumba, uje na mikono mitupu. Tutaanza."

Aliapa moyoni kwamba safari hii mstari wa msaidizi hautaandikwa jina la mtu mwingine. Ndicho alichokitaka, hakutaka zaidi ya hicho, na alikitaka sana kiasi kwamba usiku hakumtaja Donatien hata kwa kumlaani.

Falonne hakuwa Donatien. Alisikiliza. Ilipofika zamu ya kuosha vyombo vya watu, alivua saa na kuosha, vibaya, lakini aliosha. Baada ya miezi miwili alipeleka ombi lake kwa mtandao, na kwenye mstari wa msaidizi aliandika Mbelu Mushiya, akamwonyesha kwenye kioo cha simu. Mbelu aliyatazama yale maandishi kama mtu anavyotazama picha yake mwenyewe iliyopigwa bila kuambiwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Falonne alilileta Kapata, kwenye ua wa Mbelu, amevua miwani.

"Banakatala, mama."

Mbelu alikuwa anachuja munkoyo kwa kitambaa. Mikono yake ilisimama. Neno lile lile, mdomo mwingine. Lakini Donatien alikuwa amelisema akitazama pembeni, na huyu alikuwa amemnyooshea simu yenye jibu.

"Banasema juu ya nini?"

"Banasema kazi ni muzuri, lakini beye banasaidia habari ya bantu benye kuhamishwa. Banasema hawa bantu wetu habakuhamishwa. Balirudi kwabo. Banatupa wiki sita tutume tena kama tuko na kingine cha kusema."

"Nani aliwaambia tulirudi kwetu?"

Mbelu alikamua kitambaa, akakitundika, akaketi kwenye kibao chake kidogo.

"Soma vile uliandika juu yangu."

"Mbelu Mushiya, mwanamuke, miaka makumi ine na nane, muchuuzi. Origine: Kabeya-Kamwanga, Kasai. Mu 1993 alirudi ku province yake ya origine. Mu 2002 alihamia Kolwezi."

"Nilirudi," Mbelu alisema.

"Njo vile tunaandikaka, mama. Origine ni kule kwa tata ya tata. Hata ku carte ya kura ni vile. Na mama, nilipouliza origine, mwenyewe munasema Kabeya-Kamwanga."

Ilikuwa kweli. Aliulizwa asili, akajibu kama kila mtu anavyojibu mkoani humu, tangu ofisi ya wilaya mpaka mlango wa hospitali: kijiji cha babu. Hakuna anayefikiri. Mtoto wa miaka sita aliyezaliwa karibu na mashimo ya shaba atakutajia mto ambao hajauona. Wote waliohojiwa walijibu hivyo, na Falonne, ambaye naye hutaja Kabalo bila kuwahi kufika Kabalo, aliandika kama alivyoambiwa. Wazungu wa jopo la bourse walikuwa wamesoma walichoandikiwa. Mtu wa Kasai amepelekwa Kasai. Kahamishwa wapi hapo?

"Falonne, wewe ulizalikiwa wapi?"

"Ku nyumba, mama. Gari ya hospitali ilichelewa."

"Chumba gani?"

"Kile cha nyuma. Chenye sima ya chini ilipasuka mu kona."

"Ilipasuka juu kaka yangu Stany aliangusha pale kinu ya mama. Alichapwa siku mbili." Mbelu alipangusa mikono kwenye kitenge. "Mi nilizalikiwa mu kile chumba, mwaka wa makumi saba na tano. Sasa angalia ku dosie yako. Wewe umeandika alizaliwa Kolwezi. Mi umeniandika Kabeya-Kamwanga. Chumba ni kimoja."

Falonne alifuata ile mistari miwili kwa kidole. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwambia nyumba yao ilikuwa ya nani kwanza.

"Tata hakutuambiaka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Hakuulizwa. Leta karatasi, mutoto. Andika mahali mutu alizaliwa, mahali alifukuzwa, mahali alitupwa. Kabeya-Kamwanga ni mahali nilitupwa. Halafu andika mahali alirudi. Nilirudi mara moja tu, na nilirudi huku."

Wiki tatu walizunguka tena milango yote iliyobaki, kubadilisha jibu moja tu. Kulikuwa na vicheko. Mzee mmoja alikataa kabisa kuzaliwa Kapata, akisema atamwangusha baba yake kaburini. Godelieve, ambaye naye ni wa waliofukuzwa, alisema mara moja: "Mi ni wa Miabi."

"Ulifikaka ku Miabi?"

"Hata siku moja. Treni ilitutupa Mwene-Ditu, tukabakia pale pale."

"Basi ulizalikiwa wapi?"

"Mbelu, si unajua! Mama yako njo alinipokea. Aliniangusha kidogo, njo maana niko na hii akili."

Ombi likanyooka. Lilibaki jambo moja, na ni hilo lililomkosesha Falonne raha. Fomu mpya iliuliza kiwango cha elimu cha msaidizi. Falonne alipendekeza waandike diploma ya serikali, cheti cha kumaliza sekondari, nani ataiangalia?

"Andika hakusoma," Mbelu alisema.

"Mama, batakutoa."

"Banitoe mi mwenyewe. Mara ile nilitolewa kwa uongo."

Falonne akasoma tena masharti. Msaidizi asiye na cheti anakubaliwa, ikiwa kuna ushuhuda wa waliomwona akifanya kazi ya utafiti. Wakatazamana. Aliyemwona alikuwa mmoja tu kwa fikra za Falonne, naye siku hizi anafundisha hapo mjini, ana ofisi Manika, ghorofa ya pili, na jina lake mlangoni.

Walikwenda siku ya Jumanne. Donatien amenenepa vizuri. Alimtambua Mbelu hapo hapo, akainuka, akafungua mikono. "Mama Mbelu! Na munkoyo iko wapi?"

"Munkoyo iko ku soko, profesa. Pale banalipia."

Alicheka peke yake. Falonne alieleza shida yao. Donatien alichezea kalamu, akasema bila shaka, atafurahi, mama huyu alikuwa wa maana sana kwake. Ataandika kwamba alikuwa mhojiwa wake bora.

"Mutaandika kama mi njo nilifungua milango?"

"Mama, mambo ya karatasi ni magumu. Benye bourse balitaka mutu wa diplôme. Mignonne alikuwa nayo. Nilifanya vile juu dosie ipite. Ingekatwa, tungekosa wote."

"Na siku ile ulikuya kuniambia banakatala?"

Profesa alitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. "Ile siku sikujua namna ya kukueleza."

"Lakini ulijua muzuri namna ya kubeba chupa."

Aliwaandikia barua hata hivyo, yenye muhuri. Falonne aliisoma kwenye ngazi. Ilisema kwamba bibi huyu, mfanyabiashara mdogo, alihojiwa mara kadhaa mwaka 2012 na alionyesha kumbukumbu nzuri. Mbelu aliikunja sawasawa, akapanda tena ngazi, akamwachia katibu mezani. Alishuka polepole, maana magoti yake si ya kupanda ngazi mara mbili, lakini alishuka akiwa mwepesi.

"Sasa tutafanya namna gani, mama?" Falonne alikuwa karibu kulia.

"Walisema nani alete ushuhuda?"

"Bale benye balikuona ukifanya kazi."

"Mutu mwenye nilimushika mukono juu asipotee, ye aliniona? Bale benye kufungua milango njo baliniona."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, wanawake kumi na wanne na wanaume watano waliketi katika ukumbi wa parokia. Ndio waliobaki kati ya wale thelathini na mmoja. Wengine wamekufa, wengine wamefuata watoto Lubumbashi, na nyumba nne zimeondolewa kupisha mgodi. Falonne aliweka simu mezani inase sauti. Mmoja mmoja walisogea, wakasema jina, mahali walipozaliwa, na nani aliyeingia nyumbani kwao mwaka 2012 na kwa namna gani. Mama mmoja alisema kwamba hakuwahi kumweleza mtu habari ya mtoto wake aliyezikwa gare mpaka Mbelu alipomwoshea sufuria. Mwingine alisema Donatien alikuwa kijana mzuri lakini alikuwa anauliza kama polisi, na Mbelu alimkanyaga mguu chini ya meza. Mzee aliyekataa kuzaliwa Kapata alizaliwa Kapata hatimaye, akaomba tu isifike masikioni mwa ndugu zake. Godelieve aliisogelea simu mno, akapaza sauti kana kwamba Ulaya iko upande wa pili wa barabara: "Mbelu ana kelele na bei yake ni kubwa! Lakini mulango wangu, njo ye aliufungua. Mignonne mi simujue, nimemaliza!"

Waliojua kutia sahihi walitia. Waliobaki walitia kidole. Falonne aliyaandika yote kwa Kifaransa, akayatuma siku mbili kabla ya mwisho.

Jibu lilifika mwezi wa tano mwaka huu, saa nne asubuhi, soko limejaa. Falonne alitoka chuoni kwa pikipiki na akalipa dereva noti bila kusubiri chenji, jambo ambalo Mbelu alimkemea kabla hata ya kuuliza kilichomleta. Bourse imetoka. Miaka mitatu, kutembea na kuandika. Falonne alimsomea mstari mmoja mara nne, ya nne kwa ombi la Godelieve: msaidizi wa utafiti, Mbelu Mushiya, aliyezaliwa Kolwezi.

Mbelu alifunika ndoo. Siku hiyo hakuuza tena. Waliokuja na vikombe aliwapa, na wale wasio na vikombe aliwaambia wakatafute.

Sasa anafanya kazi asubuhi tatu kwa wiki, na siku zilizobaki yuko sokoni, kwa sababu wateja hawasubiri shahada ya mtu. Anatembea na Falonne Kapata na mbele ya Kapata, na mwezi ujao watapanda gari mpaka Kisenge, ambako kuna familia zilizokimbilia huko mwaka 1993 na hazikuandikwa na yeyote. Anaipenda kazi hii. Anapenda kukaa kwa mtu siku ya kwanza bila kuuliza kitu. Anapenda pia kwamba msichana aliyesoma anamwuliza "mama, tuingie wapi kwanza?" na kungoja jibu.

Mlango wa mwisho kuuingia ulikuwa wa Barnabé. Ni mzee aliyestaafu, mapafu yake yanapiga filimbi. Alimwita mwenyewe, akamtolea kiti cha sebuleni, cha kitambaa, kisha akakaa naye kimya vikombe viwili.

"Mi nilipewa ufunguo, mama," alisema. "Sikuulizaka ni ya nani."

"Najua, tata."

"Unataka kuona chumba?"

"Siku ya tatu," Mbelu alisema, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya tatu alikiona. Barnabé akaeleza mbele ya kinasa sauti habari ya asubuhi aliyopewa ufunguo, sufuria aliyoikuta bado jikoni, na namna alivyolala wiki nzima sakafuni kwa kuogopa kitanda cha watu. Yameandikwa yote, na Barnabé hana tena kitu cha kudaiwa.

Falonne bado anadaiwa. Aliahidi mbele ya watu kumi na tisa kwamba kazi ikimalizika ataisoma yote kwa Kiswahili katika ukumbi wa parokia kabla ya kuipeleka mahali pengine, na kwamba atakachoambiwa akifute atakifuta. Ana miaka mitatu ya kulipa ahadi hiyo, na Mbelu hana wasiwasi naye.

Donatien Ntambwe hajalipa kitu. Anadaiwa ukurasa wa sita: atoe jina aliloliweka na kuandika la aliyefanya kazi, kisha apeleke ukurasa huo katika kila maktaba alikopeleka ule wa uongo. Anadaiwa pia kuja Kapata kwa miguu yake, bila daftari, kwenye milango kumi na tisa iliyobaki, na kusema katika kila mmoja ni nani aliyemwingiza.